Bi Kuluthumu Alivyomfundisha Mgeni Matusi

Watu wa Gongoni, mjini Tabora, walimjua Bi Kuluthumu binti Shomari kwa mambo mawili: vitumbua vyake na mdomo wake. Vitumbua vilikuwa laini, vyenye iliki ya kutosha, vikipikwa kila asubuhi katika chuma chenye mashimo saba alichoachiwa na mama yake. Mdomo ulikuwa mkali, ingawa hakuna aliyewahi kutoka damu kwa ajili yake. Alizaliwa mtaani hapo wakati wa Wadachi, akaolewa hapo na seremala aliyeitwa Selemani, akamzika hapo. Mungu hakuwajalia mtoto. Akiulizwa kabila lake alijibu bila kusita, "Mzaramo," ingawa pwani hakuwahi kufika na bahari aliijua kwa kusimuliwa tu.

Uzaramo huo uliletwa Tabora na babu yake, aliyetoka Bagamoyo kwa miguu akiwa mpishi katika msafara wa tajiri mmoja. Siku mbili kabla ya kufika aliugua ndui. Msafara haumngoji mgonjwa: walimlaza kando ya njia, wakamwachia kibuyu cha maji, wakaenda zao. Familia moja ya Wanyamwezi wa Goweko ikamwokota, ikamweka katika kibanda cha peke yake, ikamlisha kwa upawa wenye mpini mrefu mpaka akapona. Siku alipotoka kibandani na kuanza kutoa shukrani, mwenye nyumba alimkatiza.

"Usitushukuru, bwana. Tulipokuona umelala pale tulidhani ni mzigo uliosahauliwa na wapagazi. Laiti tungejua mapema kuwa ni Mzaramo!"

Watu walicheka, na mgonjwa akacheka pamoja nao, kwa kuwa alielewa amepewa nini. Wazaramo na Wanyamwezi, wale wapagazi mashuhuri, ni watani tangu siku za misafara, na baina ya watani tusi ni salamu. Mtani akikutukana huruhusiwi kukasirika. Akichukua kitu chako huruhusiwi kukidai kwa ugomvi. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayesimama mbele ya waliofiwa akikukejeli mpaka waliokuwa wakilia wacheke.

Basi tangu siku ile nyumba mbili zile hazikuachana. Bi Kuluthumu alipokuwa na miaka kumi na miwili, katika vita vya Wadachi, askari walikuwa wakikamata watu mitaani na kuwabebesha mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Mama yake alimshika mkono wakakimbilia Goweko. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameshakufa, lakini mke wa mwanawe aliwaingiza wote wawili ndani ya kihenge cha mtama, akafunika juu kwa ungo na kuni, na kwa siku sita akawapitishia matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, kwa tundu la chini. Kila akipitisha alisema, "Kuleni, mizigo yangu, msije mkapungua uzito." Bi Kuluthumu aliwahi kusema kwamba hakumbuki giza la kihenge wala panya wake. Alichokumbuka ni kucheka huku mama yake amemziba mdomo kwa kiganja.

Mtoto wa mwanamke yule aliitwa Mahona, na ukubwani akawa tarishi wa baraza la mjini, mtu mrefu, mwembamba, mwenye tarabushi nyekundu na beji ya shaba kifuani. Kila asubuhi akienda kazini alipita kibarazani kwa Bi Kuluthumu, akachukua kitumbua kwenye sinia bila kuomba. Bi Kuluthumu naye aliichomoa tarabushi kichwani mwake na kuikalia.

"Mzigo umeamkaje leo?" Mahona aliuliza huku akitafuna.

"Umeamka salama, pua ndefu wewe. Pita haraka, kivuli chako kinanizimia moto."

Lakini kwa lile neno la mzigo hakuwa na jibu. Miaka arobaini alilitafuta jibu lililolingana nalo na hakulipata, na Mahona alijua kwamba hajalipata, na hilo lilimpa furaha isiyo kifani.

Mwezi wa Januari mwaka 1960, mvua zikiwa zimeshika, Bi Kuluthumu alibeba sinia lake kwenda stesheni kuwauzia vitumbua abiria wa treni iliyotoka Kigoma. Abiria walishuka, wakanunua, wakatawanyika. Akabaki mwanamke mmoja ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka kama amewekewa ubao, mtoto wa kike wa miaka kama minne amelala mapajani mwake. Viatu hakuwa navyo. Kitenge chake kilikuwa kizuri na kimechanika.

"Shikamoo, mama," mwanamke alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unamngoja nani?"

Mwanamke alifikiri kama mtu aliyeulizwa swali gumu la shuleni. "Simngoji mtu, mama. Samahani."

Bi Kuluthumu alimpa vitumbua vitatu. Mwanamke alivipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akavifunga katika pindo la kitenge. Hakula. Mvua ilianza kupiga bati la stesheni, na Bi Kuluthumu akajitwika sinia lililobaki tupu.

"Inuka," alisema. "Mtoto atapata homa hapa."

Ndivyo walivyoingia nyumbani kwake Koleta na binti yake Flavia, na siku tatu za kwanza Bi Kuluthumu alijuta. Alipika wali wa nazi, mgeni akashukuru, asile. Akapika kisamvu cha karanga, mgeni akashukuru, asile. Aliketi mbele yake mkekani, akamsogezea sahani, akamwambia, "Kula, mwanangu, kula," na kadiri alivyosisitiza ndivyo mgeni alivyotazama chini. Kwa Bi Kuluthumu tafsiri ilikuwa moja tu: mwanamke huyu anadhani nitamwekea sumu. Alikwenda jikoni akazungumza na masufuria yake kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu.

"Mimi! Binti Shomari! Mji mzima unakula mkononi mwangu!"

Siku ya nne alikwenda kuswali adhuhuri chumbani, na aliporudi akaikuta sahani nyeupe kabisa, imekwisha kuoshwa. Flavia ndiye aliyetoboa siri, kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Mama anakula wewe ukiswali."

Koleta aliona haya mpaka machozi yakamlenga. "Nisamehe, mama. Kwetu mtu mzima hali mbele ya watu. Ni kama... kuvua nguo. Nilijaribu. Mkono unakataa."

Tangu siku hiyo, kila Bi Kuluthumu akiandaa chakula alitangaza kwa sauti kubwa, "Haya, mimi nakwenda kuswali!" na akaingia chumbani hata kama ni saa nne ya asubuhi, akakaa juu ya kitanda akichambua mchele. Majirani walistaajabu kuona jinsi mjane yule alivyoongeza ibada. Mmoja wao alihesabu swala nane kwa siku moja, akaenda kumwuliza kama ameota ndoto ya kifo.

Koleta alisimulia habari zake polepole, vipande vipande, wakitwanga mchele pamoja uani. Alikuwa Mtusi wa Ruanda. Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na kabla ya hapo walikaa Usumbura, ambako yeye alijifunza Kiswahili kwa masista. Kilikuwa Kiswahili cha adabu mno, hata akiomba chumvi ungedhani anasali. Mwezi wa Novemba watu walianza kuchoma nyumba za Watusi na kuua. Mumewe alitolewa nje jioni moja na vijana ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kusoma. Koleta na mtoto walifichwa na jirani yao, Mhutu, mzee mwenye migomba michache, aliyewafunika chini ya majani makavu ya migomba, kisha akasimama mlangoni na kuwaapia wenye mapanga kwamba amewaona wakikimbilia mtoni.

"Walimpiga," Koleta alisema. "Sikumwona tena. Sijui kama yu hai. Sikumwambia hata asante, maana alituambia tusitoe sauti."

Baada ya hapo walitembea. Muha mmoja aliwavusha Mto Malagarasi kwa mtumbwi. Karibu na Uvinza waliangukia njia ya zamani ya misafara, na wenyeji wakawaelekeza stesheni wakapande treni.

Bi Kuluthumu aliacha mchi ndani ya kinu. Alitaka kusema jambo la faraja, lakini kinywani mwake lilitoka la kihenge, mtama na matobolwa. Alilisimulia lote, pamoja na lile neno la mizigo isije ikapungua uzito. Koleta alisikiliza kwa makini.

"Mlikuwa mnafichwa," aliuliza, "na mnatukanwa?"

"Ndiyo."

"Na hamkukasirika?"

"Mwanangu, lile tusi ndilo lililotushibisha. Viazi vyenyewe vilikuwa vichache."

Wiki tatu zilipita. Kisha Ijumaa moja mpiga mbiu alizunguka sokoni. Mgeni yeyote aliyetoka Ruanda bila kibali afike barazani Alhamisi ijayo. Mwenye ndugu mjini wa kumpokea ataandikwa na atabaki. Asiye na ndugu atapandishwa treni ya Jumamosi mpaka Kigoma, na kutoka huko atarudishwa kwao.

Mahona alikuja jioni ile ile na hati mkononi. Hakuchukua kitumbua. Aliketi, akavua tarabushi mwenyewe, akaiweka juu ya goti.

"Amri hii imetoka kwa nani?" Bi Kuluthumu aliuliza.

"Juu. Mimi natumwa tu. Mtu huko amesikia kwamba Ruanda kumetulia." Alimtazama Flavia, aliyekuwa akichora mavumbini kwa kijiti. "Wanasema kumetulia."

Koleta alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake haukubadilika, lakini mkono ulikwenda kwenye mwimo wa mlango ukaushika.

"Ana ndugu," Bi Kuluthumu alisema. "Mimi hapa."

"Utaapa?"

Bi Kuluthumu aliutazama mkono wake wa kulia. Uongo mdogo wa sokoni aliumudu vizuri, lakini kushika msahafu na kusema lisilokuwapo hakuweza, na Mahona alijua.

"Liwali ni mtu mzima," Mahona alisema taratibu. "Hapendi kuapisha wajane. Jambo likiwa la ukoo huwauliza watani, maana watani ndio wanaojua nani wa nyumba gani. Na mtani wa nyumba hii mjini ni mimi." Alikuna kidevu. "Sitasema uongo, mtani. Nikigundulika nimedanganya barazani, beji hii wataing'oa pamoja na ngozi. Lakini nikimchokoza mtu mbele ya watu, na aliyechokozwa akanijibu kama anavyojibu mtani, nami nisikasirike, basi ni mtani wangu. Huo si uongo. Ndiyo sheria yenyewe. Nani amewahi kumtukana tarishi barazani akatoka bila faini, kama si mtani wake?"

Bi Kuluthumu alimwelewa. Akageuka akamtazama Koleta, aliyesimama wima na adabu zake zote. Siku tano zilibaki kumfundisha mwanamke huyu matusi.

Walianza kesho yake asubuhi. Bi Kuluthumu aliketi juu ya kinu akavaa chungu kichwani badala ya tarabushi.

"Mimi ni Mahona. Nitukane."

Koleta alifumbata mikono. "Bwana Mahona," alisema, "pua yako... ni ndefu kidogo. Samahani."

"Samahani ya nini?"

"Ya pua."

"Usiombe samahani! Anza tena. Useme kwa nguvu."

"Bwana Mahona, nasikitika kukuarifu kwamba..."

Flavia alianguka chini kwa kicheko. Yeye alikuwa ameshashika somo tangu siku ya kwanza, na kila alipopita jirani alipaza sauti, "Pua ndefu wewe!" Ilibidi Bi Kuluthumu azunguke mtaani akiomba radhi. Lakini mtoto hawezi kumwombea mama yake udugu barazani. Siku ya pili ilipita vivyo hivyo, na ya tatu. Koleta alilikariri kila tusi kama katekisimu, akalitamka kwa usahihi, nalo likatoka kinywani limepoa kama uji wa jana.

Jioni ya Jumatano Bi Kuluthumu alivua chungu kichwani akakitupa. "Mwanangu, unamwogopa Mahona?"

"Simwogopi, mama. Ni mtu mwema."

"Basi kwa nini huwezi?"

"Kwetu neno baya likisemwa kwa sauti," alisema, "baada yake huja moto. Mwaka jana yalianza maneno. Watu walituita nyoka, kwanza kwa mzaha." Alishika ncha ya kitenge. "Sijui neno baya linalokuja peke yake."

Bi Kuluthumu alimsogeza mwanamke yule karibu, akampakata kichwa kama mtoto, akakaa naye hivyo mpaka kuku walipoingia bandani. Kisha akatangaza kwamba anakwenda kuswali, na mara hii aliswali kweli.

Alhamisi baraza lilijaa. Liwali, mzee wa ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi, aliketi nyuma ya meza. Kando yake karani alikuwa na daftari na kalamu ya wino. Familia mbili ziliitwa kabla yao. Ya kwanza ilikuwa na mjomba mtaa wa Isevya, ikaandikwa. Ya pili haikuwa na mtu. Bi Kuluthumu aliwaona wakitoka, mume, mke, na bibi na mkongojo wake, na hakuweza kuwatazama machoni.

"Koleta wa Ruanda," karani aliita.

Walisogea. Bi Kuluthumu alisema, "Ni mwanangu, Bwana Liwali."

"Ulimzaa?"

"Sikumzaa."

"Ulimnyonyesha?"

"Sikumnyonyesha. Ninampikia. Nikiumwa ananikanda miguu. Nikifa ndiye atakayenifumba macho, maana sina mwingine."

Karani alikohoa. "Hayo ni mapenzi, Bwana. Amri inasema ndugu."

Liwali alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu. "Kiapo ni jambo zito," alisema, "sitamwapisha mjane kwa shughuli ya treni. Nyumba ya Shomari ni Wazaramo, na Wazaramo wana watani. Tarishi! Wewe ndiye mtani wa nyumba hii?"

"Ndiye mimi, Bwana."

"Huyu mwanamke ni wa nyumba hiyo?"

Mahona alitoka ukutani. Kila mtu aliona jasho chini ya tarabushi yake. Alisimama mbele ya Koleta, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akapaza sauti kama ya mnadani.

"Mimi naona mzigo tu, Bwana Liwali! Mzigo mwingine umesahauliwa njiani. Nyumba ile haiishi mizigo!"

Watu walicheka. Kisha wote wakamgeukia mgeni. Koleta alitazama sakafu. Bi Kuluthumu aliyapanga midomoni mwake matusi yote aliyomfundisha, pua, kivuli, miguu ya korongo, kana kwamba angeweza kumpulizia moja. Karani alichovya kalamu katika wino. Mahona hakuondoka mahali pake, lakini macho yake yalianza kuomba.

Ndipo Koleta alipoinua kichwa. Hakupaza sauti. Alipiga goti kidogo, kama walivyomfunza masista.

"Shikamoo, mtani," alisema.

"Marahaba."

"Umesema kweli. Mimi ni mzigo. Nimetoka mbali, na ni mzito." Akamkazia macho. "Na wewe ni Mnyamwezi. Sasa umesimama kwa nini? Inama unibebe."

Mzee mmoja nyuma kabisa alipiga kelele, na baraza zima likalipuka. Watu walipigana migongoni. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Bi Kuluthumu alisimama ameachama mdomo: jibu la miaka arobaini, jibu ambalo yeye, mama yake na babu yake walilitafuta, lilikuwa limelala mle mle ndani ya tusi, na aliyeliona ni mtu wa adabu asiyeweza kutukana pua!

Mahona alikuwa amejishika tumbo. Machozi yalimtoka, na haikujulikana kama yote ni ya kicheko. "Mzaramo!" alisema alipoweza kusema. "Bwana Liwali, Mzaramo kamili, mbaya kuliko wote! Nani mwingine angethubutu?" Na kwa kuwa mtani akishindwa hulipa, aliinama pale pale mbele ya meza, na beji yake, akampandisha Flavia mabegani. "Mzigo mdogo kwanza. Mkubwa nitaurudia."

"Pua ndefu wewe!" Flavia alisema kutoka juu, akaichukua tarabushi.

Liwali alirudisha miwani machoni. Alikuwa ameuma mdomo kwa ndani. "Karani," alisema, "andika: anao ndugu." Kisha, akiwa tayari anaitazama karatasi nyingine, akaongeza, "Na ile familia iliyotoka sasa hivi, wale wenye bibi, warudishwe ndani. Sikuwauliza vizuri kuhusu watani wao."

Jumamosi treni iliondoka kwenda Kigoma. Koleta aliisikia ikipiga king'ora akiwa uani na mchi mkononi. Alingoja mpaka sauti ilipopotea, kisha akaendelea kutwanga. Miezi michache baadaye amri ile ilifutwa na wageni wakaanza kupewa vibali, na karatasi ya Koleta aliileta Mahona mwenyewe, akadai vitumbua vinne kwa uchovu wa kubeba.

Tangu hapo ikawa kila asubuhi Mahona akipita anawakuta wawili. "Mizigo imeamkaje?" aliuliza, na Koleta akajibu, kwa sauti ile ile ya kanisani, "Tumeamka salama, mtani. Umechelewa. Mgongo unauma?"

Oktoba mwaka 1961, wakati mji ukizungumzia Uhuru unaokuja, Mahona aliugua mapafu, akafa siku ya nne. Alitaka azikwe Goweko kwa mama yake. Bi Kuluthumu, Koleta na Flavia walipanda treni na sinia la vitumbua vya waombolezaji. Koleta hakuwa ameingia ndani ya treni tangu siku ile ya mvua. Alishika mkono wa Bi Kuluthumu mpaka waliposhuka.

Nyumbani kwa marehemu kilio kilikuwa kikubwa. Wajukuu walilia, mjane alikuwa ameketi sakafuni, hali wala hanywi. Ulipofika wakati wa kutoa jeneza, wazee wa Goweko waliangaza macho. "Watani wako wapi? Watani wamefika?"

Bi Kuluthumu alijaribu kusimama. Neno moja tu la kejeli alilitafuta kifuani mwake, na kila alilolishika liligeuka kuwa kwikwi.

Koleta ndiye aliyetoka. Aliichukua tarabushi iliyowekwa juu ya jeneza, akaivaa, nayo ikamfunika mpaka nyusi. Akatembea mbele ya watu kwa hatua ndefu za Mahona, kifua mbele, kidevu juu, akikagua hewa kama mtu mwenye hati ya kuyapelekea mawingu. Mjukuu mmoja alipenga kamasi akacheka. Koleta alisimama katikati ya njia, akazuia jeneza lisipite, akaligonga kwa vidole.

"Mtani! Hii ndiyo kazi ya Mnyamwezi, kulala kazi ikiwa haijaisha? Ulisema utaurudia mzigo mkubwa. Nimekungoja mwaka mzima na miezi!" Akaisogeza juu tarabushi iliyomshukia machoni. "Haya basi, lala. Leo sisi mizigo tutambeba mpagazi."

Akatia bega lake chini ya jeneza pamoja na wanaume, na hakuna aliyemzuia. Watu walicheka huku wanalia. Hata mjane aliinua uso, akajifuta, akasema, "Mzaramo huyu hana haya," na kwa mara ya kwanza tangu jana yake akaomba maji.

Waliporudi kutoka makaburini sinia lilikuwa mlangoni. Mtani wa kweli hangoji kukaribishwa. Koleta, tarabushi bado kichwani, aliinama akachukua kitumbua bila kuomba, akasimama pale pale uwanjani, mbele ya Goweko nzima, akakiuma.

Bi Kuluthumu alimwona. Kwa mazoea akageuza uso kuelekea ukutani, akaanza kutafuta mahali pa kuswali.